Kishikizo Kilichopinda

Daktari wa meno aliinua kile kishikizo cha plastiki kwenye mwanga wa taa, kile cha kuzuia meno yasirudi kombo baada ya waya kutolewa. Kilikuwa kimejikunja pembeni.

"Hiki kimetiwa maji ya moto," alisema. "Nani amekiosha hivi?"

Mama alijua. Ni yeye aliyekimiminia maji ya birika, kuua vijidudu. Mwezi mzima binti yake alilalamika kinamuuma, na kila mara alimkatiza: "Acha kudeka. Kivae."

Sasa aliuona ufizi wa mtoto, mwekundu, umechubuka palepale plastiki ilipokuwa ikikwaruza.

"Ni mimi," binti akasema.

"Msichana mkubwa hivi, na nilikwambia maji ya baridi tu?" Daktari akatikisa kichwa. "Haya, meno yameshaanza kurudi kombo; tunarudi kwenye waya, kwa mwaka mwingine mzima. Na wewe mama, umsimamie mwenyewe. Watoto hawa hawana uangalifu."

Binti alikuwa ameshafumbua mdomo tena, macho yake darini, akisubiri.

"Nitamsimamia, daktari," mama akasema.