Nywele za Zaina

Katika mji mmoja, aliyeota upara alihesabiwa mzee, akapelekwa Nyumba za Wazee asirudi tena. Umri haukuulizwa. Shekue, fundi saa, utosi wake uling'aa kama sahani, na wapimaji wa vichwa wangepita mwezi uliofuata.

"Dawa ya kupaka huchukua miaka miwili," daktari alimwambia. "Upasuaji ni wa siku moja, ila nywele zitoke na mizizi yake kwa mtu wa damu yako. Kwake hazitaota tena."

Nyumbani alimkuta binti yake Zaina amekaa kati ya magoti ya mama yake, akisukwa twende kilioni kama kila Ijumaa. Akawaeleza.

"Chukua zangu, baba," Zaina alisema. "Mimi msichana, nani atanihesabu mzee?"

Baba yake alimjua wa kumhesabu. Hata hivyo, kesho yake akampeleka kwa daktari.

Wapimaji walipokuja, walimpongeza Shekue kwa nywele zake nzuri. Zaina walimvua kilemba, wakampandisha garini.

Ijumaa iliyofuata mkewe alitandika mkeka, akachukua kitana na mafuta ya nazi, akamwambia mumewe akae chini. Shekue alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akakaa. Mkewe akazigawa nywele, akaanza kusuka twende kilioni, akikaza mpaka mumewe akatokwa na machozi. Alipojaribu kuinuka, mkewe alimbana kwa magoti.

"Tulia, Zaina," akasema. "Bado upande mmoja."