Rangi Isiyomuudhi Mtu

Ndoo ya rangi ya kijivu ilipotua sakafuni, Brashi alijaribu kusema hapana. Kilichotoka kilikuwa mngurumo tu. Binti yake akadhani ana kiu, akamletea maji.

Tangu kiharusi kimwangushe, upande wake wa kulia ulikuwa mzigo wa kubebeshwa tu, na ulimi ulikuwa umelala. Masikio yalibaki mazima, na macho pia. Hapo ndipo palipokuwa na adhabu yenyewe: kuona yote, kusikia yote, kisha kukaa kwenye kiti cha magurudumu bila la kufanya.

Na alichokiona kilimkata maini. Alikuwa fundi rangi maisha yake yote. Hata jina la Brashi alilipatia huko huko kwenye ngazi na makopo. Nyumba ile aliipaka kwa mkono wake, chumba baada ya chumba. Rangi ya manjano ya jikoni aliichagua marehemu mkewe, baada ya kurudisha makopo dukani akilalamika kwamba moja linamkumbusha haradali na jingine ugonjwa wa ini. Bluu ya chumbani Brashi aliichanganya mwenyewe, tone kwa tone, binti yake alipotaka rangi ya mbingu mvua inapokatika.

Sasa fundi mwingine, mtu mnene mwenye redio mfukoni, alikuwa akipiga msasa juu ya yote hayo huku akiimba.

Wazo la kijivu lililetwa na dalali. Alizunguka vyumba vyote akigonga kuta kwa kidole, akamwambia binti kwamba rangi hizi ni nzuri kwa wenyewe, ila zina kelele. Mnunuzi akiingia anataka aone nyumba yake, si ya watu wengine. Kijivu hakimuudhi mtu. Basi kipakwe kila mahali, kuanzia sebuleni mpaka chooni.

Mlangoni dalali alishusha sauti, kama wafanyavyo watu wanaodhani kiharusi huziba na masikio.

"Na mzee je?"

"Mzee ana mahali pake," binti akajibu. "Nyumba ikipata mtu tu, nampeleka."

Mahali pa namna hiyo Brashi alipajua. Aliwahi kupewa kazi ya kupaka makao ya wazee: bweni refu, vitanda vimepangwa safu, wazee wameelekezwa ukutani wakisubiri uji. Msimamizi alimwagiza apake kijivu kote, kwa sababu hakionyeshi uchafu.

Tangu siku ile akawa hali vizuri. Binti yake, aliyeacha kazi ili amhudumie, alimfuta kidevu, akamsogezea kijiko tena, akamwambia avumilie kidogo tu, mambo yanakaribia kwisha. Brashi alimkazia macho. Yanakaribia kwisha kwa nani? Mtoto wake wa pekee, aliyembeba mgongoni, leo anamfungasha kama kiti kibovu. Neno lilimjaa kifuani na halikuwa na pa kutokea.

Jikoni pakaisha. Ukumbi ukafuata. Fundi alipoweka ndoo yake mbele ya mlango wa chumba cha bluu, karibu kabisa na kiti cha magurudumu, Brashi aligundua kwamba mguu wa kushoto bado unamsikiliza.

Aliipiga teke.

Rangi ilisambaa juu ya vigae, ikapita chini ya kochi, ikafika kwenye ndala za binti. Fundi aliacha kuimba. Kwa mara ya kwanza tangu augue, Brashi alijihisi mtu.

Alingojea kugombezwa. Binti alipiga magoti na tambara, akawa anafuta, anakamua, anafuta. Brashi aliitazama shingo yake iliyoinama, na huruma haikumjia hata kidogo. Fundi akafungua ndoo nyingine. Kufika alasiri, bluu ilikuwa imekwisha.

Siku ya wateja alisukumwa uani, akaachwa chini ya kamba ya nguo. Alisikia milango ikifunguliwa na kufungwa, na mwanamke mmoja akisema nyumba imetulia, hata mtu akihamia leo hana la kubadilisha. Jirani alichungulia juu ya ukuta. Brashi hakumjua. Walitazamana kidogo, jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko, akashuka.

Jua lilipopungua binti alikuja, akachuchumaa mbele ya kiti, akaushika ule mkono wa kulia usiohisi kitu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wameichukua, baba. Gari la mizigo linakuja kesho."

Brashi aligeuza uso upande wa pili. Ndicho pekee alichobaki nacho cha kumgeuzia.

"Sikutaka kukuambia mapema," binti akaendelea. "Ningekupa matumaini, halafu mnunuzi aghairi. Daktari kasema mazoezi yako ni ya muda mrefu, na mimi mshahara sina tena. Niliwaza usiku na mchana nikaona njia ni hii tu." Akaupapasa ule mkono. "Nimeuza nyumba yangu, baba, hii uliyonipakia rangi. Kesho nakurudisha kwako, ulikokuwa ukiishi kabla hujaugua, na mimi nahamia huko huko. Kule sijagusa hata ukuta mmoja."