Muungurumo wa Baba Rukia

Sheria inataka kila gari la zamani linalofufuliwa liungurume kama enzi zake. Injini zenyewe zimeshakwisha duniani. Ndani ya yale magari ya Kimarekani yenye boneti ndefu sasa mna betri tu, kimya kama kaburi. Basi kampuni inayoyafufua ikahangaika kutafuta sauti, ikaipata kwetu.

Marehemu mume wangu, Shekue, alikuwa fundi wa magari hayo hapa Tanga. Aliiga injini ya silinda nane kwa mdomo hadi vyombo vikatetemeka kabatini. Binti yetu Rukia alimrekodi akiiga hivyo kitandani, wiki yake ya mwisho. Kampuni ilipoiomba rekodi ile nikakubali. Nilidhani ni heshima.

Sasa mume wangu anapita mtaani kutwa. Jirani kanunua gari jekundu, wa pili kanunua jeusi, na Shekue ananguruma akipishana na Shekue.

"Zoea, mama," Rukia huniambia. "Ni sauti tu."

"Sauti tu? Hebu sikiliza yakizimwa!"

Maana kila gari likizimwa, hukohoa. Ni kikohozi kile kile nilichokuwa nikikikimbilia na maji, usiku na mchana.

Jana jioni nilikuwa nachagua mchele. Jirani akazima gari lake nje ya geti letu, nalo likakohoa. Nilipozinduka nilikuwa nimeshafika uani, kikombe cha maji mkononi, najilaani kwa ujinga wangu.

Rukia alikuwa ameshanitangulia. Alisimama getini na kikombe chake, ananyoosha mkono gizani kuelekea kwenye boneti.