Tofali Chini ya Kiti

Siku hizi tairi za gari hutupima. Katika uzito wote huondolewa uzito wa gari tupu, na mzee aliyepungua hupelekwa na gari lenyewe Nyumba ya Uangalizi, asirudi. Hesabu hiyo naielewa vizuri, ndiyo maana nilimshuku mke wangu. Gauni linampwaya, lakini kila asubuhi gari husema, "Abiria hawajapungua."

Leo, tulipoketi garini, nikaunyanyua mkoba wake. Ulijaa mawe.

"Mama Mwanaisha, unalidanganya gari?"

"Na chini ya kiti chako hujatazama, mjuaji?"

Nikapapasa chini ya kiti changu. Palikuwa na tofali. Nikakumbuka tundu jipya nililotoboa kwenye mkanda wangu.

Nikaliwasha gari.

"Abiria hawajapungua," likasema. Kisha likauliza, "Mna uhakika?"