Vyumba Vitano Bila Kumeza

Eulália aliuzungusha ule mvinyo chini ya ulimi, akausukuma shavu hadi shavu, kisha akautema wote kwenye kopo la bati lililokuwa juu ya kaunta. Ulikuwa mvinyo wa miaka ishirini, mtamu wa kumtoa nyoka pangoni.

"Kimoja," alisema, akijifuta midomo. "Vimebaki vinne."

Baltasar, aliyekuwa mume wake, alicheka kidogo. "Taratibu, Lália. Hakuna anayetukimbiza."

Lakini Eulália alikuwa anakimbizwa. Jumatatu saa nne jaji angeamua Benedita, binti yao wa miaka tisa, akae na nani. Eulália alikuwa na miezi kumi na minne bila kumeza tone, ila nani angemwamini mlevi akijisemea mwenyewe? Ndipo Baltasar alipompigia simu kule Régua alikoishi. Waende pamoja vyumba vitano vya kuonjea mvinyo pale Gaia, mji wa maghala ya mvinyo kando ya mto. Aonje kila atakachomiminiwa, asimeze kitu. Akiweza, yeye Baltasar atasimama mbele ya jaji aseme alichokiona.

Ondina, dada yake Eulália, alimkataza. "Tangu lini mtu aliyeungua akarudishwa motoni kupimwa kama amepona?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Eulália alijibu, na Jumamosi akapanda treni ya asubuhi.

Isitoshe, kazi yenyewe aliijua. Marehemu baba yake alikuwa mwonjaji katika maghala hayohayo kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Kwa watu wa mto ule anayetema ndiye fundi. Anayemeza ni mtalii. Hilo Eulália alilijua kabla hajajua kusoma, na hakuwahi kufikiri kwamba wapo watu wasiolijua.

Katika chumba cha pili walimiminiwa mvinyo mwekundu, mzito kama sharubati. Baltasar akatoa simu.

"Ngoja nikupige picha. Inua glasi. Fumba macho, kama unausikiliza. Hapo hapo."

"Ya nini?"

"Benedita hatataka kuona mama yake alivyokuwa jasiri?"

"Basi nipige nikitema. Ujasiri wenyewe ndio huo."

"Lália, jamani. Nani anampelekea mtoto picha ya mama yake anatema?"

Akacheka, na yeye akacheka. Miaka mingi hawakuwa wamecheka pamoja. Eulália alijiona mjinga kwa jinsi alivyokuwa akimwogopa mtu huyu.

Cha tatu kilikuwa juu kilimani, na huko mzee aliyekuwa akiwahudumia alimtazama anavyotema, mstari mmoja mwembamba, bila kuchafua hata ukingo wa kopo.

"Mama, wewe ni wa kwa nani?" aliuliza.

Eulália akamtaja baba yake. Mzee akavua kofia, akaishika kifuani kidogo, halafu akaendelea na wateja wengine. Baltasar alikuwa amepiga picha tena kabla ya hapo, glasi ikiwa bado mdomoni mwa Eulália.

Balaa lilikuwa chumba cha nne. Waliketi, na mhudumu akaleta chupa moja tu, iliyokwisha kuagizwa.

"Ya mwaka aliozaliwa Benedita," alisema Baltasar. "Nilidhani utafurahi."

Kwao huko mtoto akizaliwa huwekewa chupa ya mwaka wake, aje aifungue akiwa mtu mzima. Eulália alimwekea Benedita ya kwake. Kisha, mtoto akiwa na miaka saba, usiku mmoja wa baridi, akaifungua mwenyewe na kuimaliza peke yake, sakafuni jikoni. Mtu aliyemkuta pale asubuhi alikuwa Baltasar.

Sasa aliutia mdomoni. Ladha ikamjia yote, pamoja na ile sakafu. Koo likafunguka lenyewe, kama mlango usio na komeo. Alitaka kumeza. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kinamsubiri upande wa pili wa mto, kina meno mawili mapya ya mbele na daftari la michoro. Akaegemea kopo, akatema. Akasukutua kwa maji, akatema tena. Akajaza glasi upya, akaonja mara ya pili kusudi ajithibitishie, machozi yakimbubujika, na kidole cha Baltasar kikabonyeza.

"Hiyo usimpelekee mtoto," alisema baada ya kutema, akijipangusa mashavu.

"Hapana," alisema Baltasar. "Hii naibakiza mimi."

Baada ya hapo, chumba cha tano kilikuwa mchezo wa kitoto. Walipotoka Eulália alitembea juu ya ukingo wa gati, mguu mbele ya mguu, mikono kaitandaza, na hakupepesuka hata mara moja. Watalii wawili walimpigia makofi. Baltasar akamkumbatia.

"Umeshinda. Nilichoahidi nitakitimiza."

Alimshukuru mpaka akaona haya. Jumapili nzima alikuwa akipanga chumba cha mtoto, akahamisha kitanda mara tatu ili kikae karibu na dirisha. Alimpigia Ondina simu kumwambia kwamba safari hii dada mkubwa amekosea, na Ondina, aliyekuwa hapendi kukosea, alifurahi.

Jumatatu saa nne Baltasar alisimama, kama alivyoahidi. Akaweka mbele ya jaji picha tatu: mwanamke yuleyule, glasi mdomoni, chumba baada ya chumba, na katika moja macho mekundu na mashavu yamelowa.

"Ni juzi tu, Mheshimiwa," alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Nilijaribu kumzuia."