Kompyuta Pacha

“Kompyuta ilikuwa nzito, nikafagia mafaili!” Shomari alifoka.

“Umefagia mpaka mlango, baba!” mkewe, Tunu, akamjibu.

Programu ya kusaka virusi ilikuwa imegoma: faili moja la mfumo halipo. Flashi ya mwalimu mmoja, mteja wao, ilisubiri mezani. Ilikuwa na mtihani wa shule nzima, wa kuchapwa kabla ya saa kumi, na Tunu hakuthubutu kuifungua bila kuichunguza.

Kompyuta pacha na hii, yenye faili hilo, ilikuwa ng’ambo ya barabara kwa dada yake Tunu, Mishi. Walizinunua pamoja, kisha wakagombana. Mwaka mzima hawakusalimiana.

“Huendi kwake!” Shomari akamkataza.

Tunu alichukua flashi tupu, akavuka, akapiga hodi.

“Dada, nina shida.”

Mishi hakuinua macho. Alivuta kiti cha pili.