Ukurasa Mweupe wa Levina

Nilisikia mashineni, tukisaga mahindi, kwamba huko Bukene kijana mmoja alizomewa. Programu yake ilifunguka nyeupe tupu mbele ya wafugaji nyuki. Maneno hayo yaliningʼangʼania, maana kesho yake binti yangu Levina alikuwa anakwenda Usoke kwa treni kuwaonyesha wafugaji wa huko programu yake, na wakiikubali ndiyo ajira yake ya kwanza.

"Mwanangu, kule mtandao ukikatika?"

"Mama nawe. Juzi tu nilikufundisha kutuma picha."

Lakini akazima data. Ukurasa ukawa mweupe. Kumbe programu yake iliegemea maktaba ya JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, na alikuwa anaivuta mtandaoni kila mara.

Akawasha, akaihifadhi kwenye kompyuta, akazima tena. Bado nyeupe.

"Nimechukua faili la seva, zile kompyuta za mbali zinazohudumia nyingine," akasema taratibu. "Kivinjari, hiki kinachofungua kurasa hapa, hakilielewi."

Akapakua la kivinjari. Akazima data. Akaweka kidole juu ya kitufe, kucha imeng'atwa hadi nyama.

Akabonyeza. Programu ikafunguka yote, data ikiwa imezimwa.

Wenye watoto wa kazi hii, waambieni:

Usitegemee kiungo cha mtandao kijijini.
Usikipe kivinjari faili la seva.
Usijaribu kwa data ya mjini tu.
Usipande treni hujaiona programu imefunguka bila data.